Jelibreki ya iPhone kwa palera1n: vifaa, tahadhari na hatua zote

Wanaokwama kwenye jelibreki hukwama palepale. Waya usiofaa. Namba ya siri iliyosahaulika kuondolewa. Au programu isiyolingana kabisa na chipu ya simu. Amri za palera1n, programu ya kompyuta tutakayotumia hapa, ni chache na hazina ugumu. Kazi iko kwenye maandalizi, na ndiyo maana nusu ya mwongozo huu inaisha kabla hujabonyeza kitu.

Jelibreki huondoa kizuizi kinachokulazimisha kuweka programu za App Store peke yake, na kukuruhusu kubadilisha mwonekano na tabia ya mfumo. Haifungui simu iliyofungwa na mtandao wa simu. Haiondoi kufuli la Apple ID kwenye simu ya mtu mwingine. Anayekuahidi hayo mawili kwa jina la jelibreki anakutapeli.

## Vifaa vya kuandaa

Kompyuta. Mac au Linux ndizo zinazofaa moja kwa moja. Mwenye Windows atatumia flashi yenye palen1x, ambayo ni Linux ndogo iliyotengenezwa kwa kazi hii. Usijaribu kupitia mashine pepe ndani ya Windows. Mawasiliano ya USB hukatika katikati ya zoezi. Prosesa ya Intel ndiyo ya kuaminika zaidi. Kompyuta za AMD hushindwa mara nyingi kwenye hatua ya kupenya, na ukibadilisha kompyuta tu tatizo huisha.

Waya wa USB-A kwenda Lightning. Hili nalirudia kwa sababu ndilo linalopuuzwa kuliko yote: wenye kichwa cha USB-A, ule mpana wa zamani. Waya wa USB-C kwenda Lightning unaweza kuchaji vizuri na kuhamisha picha bila shida, kisha simu isionekane kabisa ikiingia modi ya DFU, yaani hali ambayo kioo ni cheusi na simu inasubiri amri kutoka kwenye kompyuta. Kama kompyuta yako ina matundu ya USB-C tu, tumia adapta au habu kisha uchomeke waya wa USB-A hapo.

Flashi, kwa watu wa Windows pekee. Kila kilichomo kitafutika.

Apple ID na nywila yake. Hakikisha unaikumbuka leo, kwa kujaribu kuingia nayo, si kwa kudhani.

Chaji na nafasi. Betri iwe zaidi ya nusu, na simu iwe na gigabaiti kadhaa zilizo wazi.

## Je, simu yako imo?

palera1n hutumia kasoro iitwayo checkm8, iliyotangazwa Septemba 2019 na mtafiti anayejiita axi0mX. Kasoro hiyo iko kwenye kumbukumbu ya kuwashia simu, ambayo huandikwa ndani ya chipu kiwandani na haibadiliki tena. Apple haiwezi kuiziba kwa sasisho. Ndiyo sababu simu ya zamani yenye toleo la mwisho kabisa la mfumo wake bado inaingilika.

Chipu zinazohusika kwa palera1n ni A8 hadi A11, zikiwa na iOS 15 au zaidi. Kwa upande wa simu, hizo ni iPhone 6s, 6s Plus, SE ya kwanza, 7, 7 Plus, 8, 8 Plus na X. Kwa upande wa tableti zimo iPad Air 2, iPad mini 4, iPad za kizazi cha 5, 6 na 7, pamoja na iPad Pro za mwanzo zenye kitufe cha Home.

iPhone XS, XR na zote zilizofuata zina chipu ya A12 au mpya zaidi, na kasoro hii haimo. Kama simu ya aina hiyo ilibaki kwenye iOS 15 au matoleo ya awali ya 16, angalia Dopamine, jelibreki nyingine ambayo ina njia na maelekezo yake tofauti kabisa. Kama tayari imepanda juu zaidi, ishia hapa. Tovuti zenye kitufe kimoja cha "jelibreki kwa simu zote" hukusanya matangazo, taarifa zako, au vyote viwili.

## Utakachopoteza

Soma sehemu hii kwa makini hata kama una haraka.

Jelibreki ya palera1n hudumu mpaka simu izimwe. Ukiizima na kuiwasha, inawaka kama kawaida bila jelibreki, na utahitaji kompyuta tena kuirudisha. Anayesafiri sana au ambaye betri yake huisha ovyo atafakari hilo mapema.

Programu nyingi za benki hukagua kama mfumo umeguswa, zikiona dalili zinagoma kufunguka. Zipo twiki (programu ndogo zinazobadilisha tabia ya mfumo) za kuficha jelibreki, lakini ni mchezo wa paka na panya: leo inafunguka, kesho programu imesasishwa na imefungwa. Kwa maoni yangu, simu inayobeba fedha zako isiguswe. Fanya zoezi hili kwenye simu ya pili.

Kwa iPhone 8, 8 Plus na X kuna gharama ya ziada. Simu hizi zikiwa na jelibreki haziwezi kutumia namba ya siri, Face ID, Touch ID wala Apple Pay. Atakayeiokota ataifungua kwa kidole kimoja. Iwapo hilo halikubaliki kwako, simu hizo tatu hazikufai kwa kazi hii.

Kuhusu sheria: Marekani imeruhusu jelibreki ya simu kwa kibali maalumu tangu 2010, na tableti ziliongezwa 2015. Nchi nyingine zina taratibu zao. Apple yenyewe husema wazi kwamba inaweza kukataa kuhudumia kifaa ambacho mfumo wake umebadilishwa bila idhini.

## Hatua ya 1: Thibitisha toleo na uzime masasisho

Fungua Settings, General, kisha About. Andika mahali jina la kifaa na namba ya toleo la iOS; utazihitaji hatua ya tatu.

Rudi General, ingia Software Update na uzime masasisho ya kujiendesha. Sasisho linalojipakua usiku juu ya mfumo ulioguswa linaweza kuiacha simu ikizunguka kwenye nembo ya Apple bila kufika popote.

## Hatua ya 2: Tengeneza nakala rudufu

Chomeka simu, bonyeza Trust, kisha fungua Finder kwenye Mac, au Apple Devices ama iTunes kwenye Windows. Chagua nakala rudufu ihifadhiwe kwenye kompyuta, na uweke alama ya kuisimba kwa nywila. Isiyosimbwa huacha nyuma nywila zako zilizohifadhiwa na taarifa za afya. Iliyosimbwa huzibeba, ila ukisahau nywila yake imekwisha.

Umefanikiwa ukiona tarehe na saa ya leo kwenye sehemu ya nakala ya mwisho. Usiendelee kwa kukisia.

## Hatua ya 3: Shughulikia namba ya siri

Mwenye iPhone 6s, SE ya kwanza, 7 au iPad yenye chipu ya A8 hadi A10 aruke hatua hii. Inawahusu wenye iPhone 8, 8 Plus na X tu.

Kama uko iOS 15: zima namba ya siri kwenye Settings. Inatosha.

Kama uko iOS 16: kuizima hakutoshi. Ikiwa simu iliwahi kuwekewa namba ya siri hata mara moja tangu ilipofutwa mara ya mwisho, jelibreki haitawaka. Chipu ndogo ya usalama ndani ya A11, ambayo ndiyo chipu ya simu hizi tatu, hukataa kutoa huduma zake baada ya mfumo kuwashwa kwa njia hii, na iOS 16 hutambua kwamba namba ya siri iliwahi kuwapo. Dawa yake ni kufuta simu yote: Settings, General, Transfer or Reset iPhone, Erase All Content and Settings.

Hapa ndipo nywila ya Apple ID inapohitajika. Simu ikishafutwa bila wewe kuijua, huna simu tena.

Wakati wa kuipanga upya, utaulizwa namba ya siri. Bonyeza Passcode Options, kisha Don't Use Passcode. Ruka pia Face ID au Touch ID. Kidole kikiteleza ukaweka namba "kwa muda tu", anza kufuta upya. Kuiondoa baadaye hakusaidii.

Ushauri wangu ni kufanya jelibreki kwenye simu tupu kwanza, uone inawaka, ndipo ufikirie data. Ikikataa, utajua shida haitokani na mzigo wa zamani.

Umefanikiwa ikiwa Settings inakuonyesha Turn Passcode On, na simu haijawahi kuwekewa namba tangu ilipofutwa.

## Hatua ya 4: Andaa kompyuta

Mac na Linux. Nenda tovuti rasmi ya mradi, palera.in, na ufuate amri ya kusakinisha iliyoandikwa pale. Usichukue faili kutoka kwenye video au kikundi cha gumzo, hata kama aliyeliweka ni mtu mwema. Programu hii unaipa mamlaka ya juu kwenye kompyuta yako; chanzo chake kiwe kile cha wenyewe. Andika `palera1n --help` kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Ikitokea orodha ya chaguo, iko tayari.

Windows. Pakua faili la palen1x kutoka kwa mradi huohuo, uliandike kwenye flashi kwa programu ya balenaEtcher, kisha uwashe kompyuta ukichagua flashi hiyo kwenye menyu ya kuwashia. Kama inakataa, huenda ukalazimika kuzima Secure Boot, ulinzi unaozuia kompyuta kuwaka kwa mfumo usioaminika. Subiri kabla ya kuizima: kompyuta nyingi zimesimbwa kwa BitLocker, na mabadiliko hayo yanaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa urejeshaji itakapowaka tena. Tafuta ufunguo huo na uuandike kwanza. Ni jambo la kusikitisha kufungua simu na kujifungia kompyuta.

## Hatua ya 5: Ingia modi ya DFU

Simu ikiwa imewaka na imechomekwa, andika:

`palera1n -l`

Kwenye Linux tanguliza `sudo`. Herufi `-l` inachagua njia isiyoandika kwenye sehemu ya mfumo wenyewe. Twiki zinakaa pembeni na kuondoka ni rahisi. Ipo njia nyingine, `-f`, inayotengeneza nakala ya mfumo na kula gigabaiti nyingi. Kama hujui kwa nini ungeihitaji, basi huihitaji.

Programu itaisukuma simu kwenye modi ya urejeshaji: utaona picha ya waya na kompyuta kwenye kioo. Hiyo bado si DFU. Soma maelekezo kwenye terminali mpaka mwisho, weka vidole tayari, ndipo ubonyeze Enter. Kuhesabu kunaanza papo hapo.

Kwa iPhone 7, 8 na X:

1. Shikilia kitufe cha kupunguza sauti pamoja na kitufe cha pembeni kwa sekunde 4.
2. Achia kitufe cha pembeni tu. Endelea kushikilia cha kupunguza sauti kwa sekunde 10.

Kwa iPhone 6s, SE ya kwanza na iPad zenye kitufe cha Home, tumia Home mahali pa kitufe cha kupunguza sauti. Kingine ni kile cha kuwashia.

Kosa la kawaida ni kuachia vyote viwili kwa pamoja. Fuata namba zinazoshuka kwenye terminali badala ya kuhesabu kichwani.

Dalili ya DFU ni kioo cheusi kabisa. Hakuna nembo, hakuna mwanga, hakuna picha. Nembo ya Apple ikitokea, ulichelewa kuachia kitufe cha pembeni. Picha ya waya ikirudi, kitufe cha pili hukukishika vya kutosha. Hakuna kilichoharibika kwa vyovyote vile, anza tena.

## Hatua ya 6: Subiri bila kugusa

Baada ya DFU kompyuta inapenya yenyewe. Neno la kulitafuta kwenye terminali ni "Checkmate!". Ukiliona, sehemu ngumu imepita. Simu inaweza kuonyesha maandishi yanayokimbia au nembo isiyo ya Apple, iache.

Kwenye Mac zenye chipu za Apple, zoezi wakati mwingine husimama hapohapo baada ya neno hilo. Chomoa waya, uurudishe mara moja, na litaendelea.

Likisimama kwa dakika kadhaa bila mstari mpya, kata kwa Control na C, kisha ilazimishe simu iwake upya. Kwa iPhone 8 na X: gusa kuongeza sauti, gusa kupunguza sauti, halafu shikilia kitufe cha pembeni hadi nembo ya Apple itokee. Kwa iPhone 7: shikilia kupunguza sauti na kitufe cha kuwashia. Kwa zilizotangulia: Home na kitufe cha kuwashia. Simu iliyobaki kwenye picha ya waya hutolewa pia kwa `palera1n -n`.

Kurudia mara mbili tatu ni kawaida ya kasoro hii. Lakini kama imegoma sehemu ileile kila mara, acha kurudia na ubadilishe kitu: tundu la USB, waya, kisha kompyuta, kwa mpangilio huo.

## Hatua ya 7: Weka Sileo

Simu ikishawaka, tafuta programu mpya yenye jina la palera1n kwenye skrini ya mwanzo. Unganisha intaneti, ifungue, chagua Sileo. Hiyo ndiyo duka utakalotumia kupata twiki.

Utaombwa kuweka nywila ya amri za mfumo. Weka ngumu, isiyofanana na nyingine unazotumia. Kwa miaka mingi nywila ya kuanzia kwenye iPhone zilizofunguliwa ilikuwa `alpine`, na dunia nzima inaijua. Mwaka 2009 kirusi cha ikee kilisambaa kwenye simu ambazo wenyewe waliweka SSH (njia ya kuingia kwenye simu kwa amri kupitia mtandao) na kuiacha nywila hiyo. Kilibadilisha picha ya kioo na kuweka ya mwanamuziki Rick Astley. Hicho kilikuwa mzaha. Waliofuata hawakuwa wakitania. Kama huna kazi na SSH, usiiweke.

Umefanikiwa ikiwa Sileo inafunguka na kupakia orodha ya vyanzo bila maandishi mekundu.

## Hatua ya 8: Weka twiki kwa utaratibu

Moja kwa wakati. Weka, acha simu ijipakie upya, itumie kidogo, ndipo uweke nyingine. Aliyeweka kumi kwa mkupuo hana namna ya kujua ipi inaangusha simu.

Angalia aina ya faili. Kwa njia ya `-l` unahitaji twiki zilizotengenezwa kwa ajili yake, zenye alama `iphoneos-arm64`. Zile za zamani zenye `iphoneos-arm` zilikusudiwa mfumo ulio wazi hadi mzizini. Hapa hazitafanya kazi.

Kaa mbali na vyanzo vinavyogawa twiki za kulipia bure. Mwaka 2015 programu hasidi ya KeyRaider iliiba taarifa za akaunti za Apple zaidi ya 225,000 kutoka kwenye simu zenye jelibreki, na ilisambazwa kupitia vyanzo vya aina hiyo. Twiki ina uwezo wa kusoma unachoandika. Ukiiweka, umemkaribisha mwandishi wake ndani.

Twiki ikivuruga simu hata Sileo isifunguke, zima simu, kisha endesha `palera1n -l -s`. Hii inawasha jelibreki huku twiki zote zikiwa zimelala. Ingia Sileo, ondoa uliyoiweka mwisho, halafu rudia bila `-s`.

## Kuishi nayo

Simu ikizima, rudia hatua ya 5 na 6 kwa amri ileile. Sileo na twiki zako zipo, zinaamka tu.

Mwenye iPhone 8 au X kwenye iOS 16 asishawishike kuweka namba ya siri katika kipindi ambacho simu iko bila jelibreki, mathalani akiwa safarini. Itakubali vizuri kabisa. Kisha jelibreki inayofuata itagoma, na itabidi kufuta kila kitu upya.

Usibonyeze Erase All Content and Settings simu ikiwa na jelibreki. Ondoa jelibreki kwanza.

## Kuiondoa

Endesha `palera1n -l --force-revert`, pitia DFU kama ulivyozoea, na usubiri simu iwake. Sileo na twiki zitakuwa zimetoweka, data yako ikiwa palepale. Zima na uwashe mara moja zaidi kabla ya kujaribu programu ya benki.

Ukitaka usafi kamili, au kama simu haiwaki kabisa, irejeshe kupitia Finder, Apple Devices au iTunes. Hapo itapanda hadi toleo la mwisho ambalo Apple inalitoa kwa kifaa hicho: iPhone 6s na 7 huishia iOS 15, iPhone 8 na X huishia iOS 16. Kwa kuwa checkm8 haizibiki, simu iliyorejeshwa bado inaweza kufanyiwa jelibreki tena, kuanzia hatua ya kwanza. Na baada ya urejeshaji huo mwenye A11 anaweza kuweka tena namba ya siri na Apple Pay bila hesabu nyingine, mradi hana mpango wa kurudi.